TAHARIRI: Hakuna pepo anayekimbia siagi, kifafa ni ugonjwa wa ubongo

Kuna swali moja ambalo wanaoshikilia kuwa kifafa huletwa na mapepo hawajawahi kulijibu. Ni hili: mbona mapepo hao hulegea pale mgonjwa anapobadilishiwa chakula?

Hatufanyi mzaha. Kwa zaidi ya miaka 100 sasa, madaktari wamejua kwamba ukimpunguzia mgonjwa wa kifafa wanga na sukari hadi mwili wake ulazimike kutumia mafuta, baadhi ya wagonjwa huacha kuanguka kabisa na wengine huanguka mara chache zaidi. Pepo hana haja ya kujua kama umekula ugali au parachichi. Ubongo ndio unaojua.

Tumeamua kulizungumzia jambo hili katika ukurasa wa vijana kwa sababu vijana ndio wanaosikia habari za lishe kila siku. Neno keto limejaa TikTok na kwenye jim. Kila mtu ana stori ya binamu aliyeacha chapati akapoteza kilo kadhaa. Lakini ni wachache wanaojua kwamba lishe hiyo haikubuniwa kwa ajili ya kuondoa kitambi. Ilibuniwa kama matibabu ya kifafa, na waliofaidika zaidi ni watoto ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia.

Stori yenyewe ni hii. Tangu zamani watu walikuwa wameona kwamba mgonjwa wa kifafa akikaa bila kula kwa siku kadhaa, mishtuko hupungua. Mwaka wa 1921 daktari Rawle Geyelin wa New York aliwaeleza wenzake kuhusu wagonjwa walionufaika kwa kufunga. Shida ilikuwa wazi kwa kila mtu: hakuna binadamu anayeweza kufunga maisha yake yote, sembuse mtoto anayekua.

Mwaka huo huo, daktari Russell Wilder wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, akaja na wazo. Mwili unapokosa wanga, ini huanza kuvunja mafuta na kutengeneza kemikali zinazoitwa ketoni, ambazo ubongo unaweza kuzitumia kama chakula badala ya sukari. Je, badala ya kumnyima mgonjwa chakula, tukimlisha mafuta mengi na wanga kidogo sana ili mwili udhani unafunga? Wazo hilo ndilo lililozaa lishe ya ketoni. Kufikia 1925, mwenzake Mynie Peterman alikuwa ameshaweka vipimo: gramu moja ya protini kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, gramu 10 hadi 15 za wanga kwa siku nzima, na kinachobaki chote kiwe mafuta.

Kisha mwaka wa 1938 dawa ya fenitoini ikapatikana. Kumeza tembe ni rahisi kuliko kupima siagi kwa mizani kila mlo, kwa hivyo lishe ikasahaulika polepole. Iliamshwa tena miaka ya 1990 baada ya mwelekezi wa filamu wa Marekani, Jim Abrahams, kumpeleka mwanawe Charlie katika hospitali ya Johns Hopkins jijini Baltimore. Mtoto huyo alikuwa amejaribiwa dawa nyingi na hata upasuaji bila mafanikio. Lishe ndiyo iliyomtoa. Baba yake alianzisha wakfu wa kueneza habari hizo, na mwaka wa 1997 akatengeneza filamu kuhusu familia yenye mtoto wa namna hiyo, mhusika mkuu akiwa Meryl Streep.

Lakini stori ya familia moja si ushahidi, hata ikiwa na nyota wa Hollywood. Ushahidi wenyewe ulikuja 2008, wakati watafiti wa London walipochapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 145 ambao dawa hazikuwa zimewasaidia. Baada ya miezi mitatu, asilimia 38 ya waliopewa lishe ya ketoni walikuwa wamepunguza mishtuko kwa zaidi ya nusu. Kwa wale ambao hawakubadilishiwa chakula, waliofikia hapo walikuwa asilimia 6 tu. Hatusemi ni muujiza. Zaidi ya nusu ya watoto hao hawakupata nafuu kubwa. Ila hizi ni takwimu, si uvumi.

Sasa, kwa nini chakula kiwe na nguvu hivyo juu ya ubongo?

Ubongo wa mtu mzima una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu zote ambazo mwili unatumia ukiwa umetulia. Na chakula chake kikuu ni glukosi, yaani ile sukari inayotokana na ugali, wali, viazi, matunda na chai yako ya asubuhi. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme. Kifafa hutokea kundi kubwa la seli hizo linapopiga umeme kwa pamoja, bila mpangilio, kama umati uwanjani ambao kila mtu anapiga kelele kwa wakati mmoja. Kelele hiyo inahitaji mafuta ya kuiwasha. Picha za kitaalamu za ubongo zinaonyesha kwamba wakati wa mshtuko, sehemu iliyoathirika hula glukosi kwa kasi kubwa.

Ukibadilisha chakula cha seli, unabadilisha pia tabia yake. Mwaka wa 2012 watafiti wa chuo kikuu cha Harvard walibadilisha protini moja katika panya ili seli zao za ubongo zipunguze kutumia glukosi na zitumie ketoni zaidi. Panya hao wakawa wagumu kushikwa na mishtuko. Sababu waliyoipata ni milango midogo kwenye ngozi ya seli, inayopitisha potasiamu. Milango hiyo ikifunguka, seli hutulia. Ni kama breki. Matumizi ya glukosi yalipopungua, breki zilishika.

Huo haukuwa utafiti wa pekee. Mwaka wa 2006 watafiti wa Wisconsin walikuwa wameshaonyesha kwamba kemikali inayofanana na glukosi lakini isiyoweza kuchomwa na seli, inayozuia hatua za mwanzo za kuvunja sukari, ilipunguza kasi ya kifafa kukomaa katika panya wakubwa wa maabara. Mwaka wa 2015, watafiti wa Japani waligundua kuwa stiripentoli, dawa ambayo tayari ilikuwa ikitumiwa kwa aina kali ya kifafa cha watoto, huzuia kimeng'enya kinachohusika na njia hiyo hiyo ya sukari. Ndoto ya wanasayansi ni nyepesi kuieleza: kupata tembe inayofanya kazi ya lishe, ili mtoto ale githeri na wenzake shuleni na bado asianguke. Tembe hiyo bado haijafika, na panya si mtu. Lakini njia inaonekana.

Hapa lazima tuweke onyo, na tunaliweka kwa herufi nzito akilini mwa msomaji. Haya yote hayamaanishi kwamba sukari ni sumu ya ubongo, wala kwamba ukiikata ghafla utapona. Ukweli ni kwamba sukari ya damu ikishuka sana, hiyo yenyewe huleta mshtuko. Ubongo ulionyimwa glukosi ghafla, bila ketoni za kuziba pengo, huchanganyikiwa, na mtu huanza kutetemeka na kuanguka hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani.

Tunawajua watu wa namna hii mtaani. Kijana mwenye kisukari aliyejidunga insulini kisha akakosa kula kwa sababu ya foleni ya matatu. Jamaa aliyekunywa pombe usiku kucha bila kutia kitu tumboni. Ini likishughulika na pombe, hushindwa kutengeneza sukari mpya. Mtoto mchanga aliyezaliwa dhaifu asiyenyonya vizuri. Na mtoto mwenye malaria kali, ambaye sukari yake ya damu inaweza kushuka hadi kiwango cha kuua. Huyu wa mwisho ni wetu kabisa. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya malaria kali na kifafa, na tafiti za huko zimeonyesha kwamba watoto wanaonusurika malaria ya ubongo wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa baadaye.

Kuna hata ugonjwa mmoja wa kuzaliwa nao unaoonyesha pande zote mbili za jambo hili. Uliripotiwa mara ya kwanza 1991. Mtoto ana sukari ya kutosha kwenye damu, lakini mlango unaoipitisha kuingia kwenye ubongo una hitilafu. Damu imeshiba, ubongo una njaa, na mtoto anapata mishtuko. Tiba yake ni ipi? Lishe ya ketoni, kwa sababu ketoni hupita kwa mlango mwingine. Kwa hivyo suala si sukari mbaya au sukari nzuri. Suala ni ubongo upate chakula cha kutosha, cha aina inayoufaa, bila kupanda na kushuka kwa ghafla.

Ndiyo maana tunawakemea, tena bila kuuma maneno, wanaosambaza video za kuwaambia wagonjwa wa kifafa watupe dawa waanze keto. Kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta mshtuko usiokoma, na mshtuko usiokoma huua. Lishe ya ketoni ya hospitali haifanani na ile ya kupunguza uzito. Ni matibabu yanayopimwa kwa gramu, yenye madhara yake: choo kigumu, mawe kwenye figo, kolesteroli kupanda, na watoto wengine kutokua inavyotakiwa. Kabla ya kuanza, mtoto hupimwa kwanza, kwa sababu wapo wanaozaliwa na miili isiyoweza kuchoma mafuta, na kwao lishe hii ni hatari kubwa.

Hebu tuipige hesabu ya jikoni. Katika mpango mkali, kila gramu moja ya wanga na protini kwa pamoja huenda na gramu nne za mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Kwa hivyo katika kila kalori 40, 36 zinatoka kwa mafuta. Hiyo ni asilimia 90. Sasa linganisha na sahani yetu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga. Kwa kipimo cha Peterman, ugali huo mmoja ni wanga wa siku tano. Vijiko vitatu vya sukari kwenye kikombe cha chai vinatosha kumaliza karibu mgao wa siku nzima. Hata dawa ya kikohozi ya maji yenye sukari inaweza kuharibu kazi ya wiki.

Na kwa ndugu zetu wa Pwani, ambako nazi haikosekani jikoni: mafuta ya nazi peke yake si dawa ya kifafa. Kijiko cha mafuta juu ya sahani ya wali hakibadilishi chochote, kwa sababu wali bado upo.

Mtu atauliza, basi lishe hii ni ya wazungu na matajiri tu? Hapana. Kuna mpango mwepesi zaidi ulioanzia Johns Hopkins, usiohitaji kupima kila kitu kwa mizani, ambao hupunguza wanga sana lakini hauwekei protini mipaka mikali. Nchini India, ambako chapati na wali ni mfalme kama hapa kwetu, jaribio lililochapishwa 2013 lilihusisha watoto 102. Miongoni mwa waliofuata mpango huo, asilimia 52 walipunguza mishtuko kwa zaidi ya nusu, ikilinganishwa na asilimia 11.5 ya wale wengine. Mayai, parachichi, omena, maziwa lala yasiyotiwa sukari, sukuma wiki iliyokaangwa kwa mafuta ya kutosha: hivi si vyakula vya kuagizwa kutoka ng'ambo. Kinachokosekana ni mtaalamu wa kuvipanga na kumfuatilia mgonjwa.

Lakini tusiruke hatua. Kabla ya kudai lishe, tudai dawa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuna takriban watu milioni 50 wenye kifafa duniani, karibu asilimia 80 kati yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko kama wangetambuliwa na kutibiwa vizuri. Na gharama? Shirika hilo linakadiria kuwa dawa za mwaka mzima zinaweza kugharimu dola 5 tu, yaani chini ya Sh700. Hiyo ni pesa ambayo wengi wetu humaliza kwa bando na vibanzi wikendi moja. Hata hivyo, katika nchi maskini, takriban watatu kati ya kila wagonjwa wanne hawapati tiba wanayohitaji.

Kwa nini? Sababu moja ni zahanati zisizo na dawa. Nyingine ni sisi. Ni familia inayomficha msichana ili asikose mchumba. Ni mwajiri anayemfuta kazi kijana kwa kuanguka mara moja. Ni mwalimu anayewaambia wanafunzi wasimguse mwenzao, ilhali kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa mkojo. Ni mhubiri anayemwambia mgonjwa atupe tembe ili kuthibitisha imani yake. Hatuna ugomvi na maombi. Omba, funga ukiruhusiwa na daktari, lakini meza dawa yako. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwa vijana wenye kifafa, wanaoishi mjini na mbio zake, tunasema hivi. Vitu viwili vinavyoangusha watu wengi ni kukosa dawa na kukosa usingizi. Kesha za mitihani na za kilabu zina bei. Usikae na njaa siku nzima kisha ukategemea soda. Chupa ya mililita 500 ina zaidi ya gramu 50 za sukari, na haiwezi kuchukua nafasi ya mlo. Kama unataka kubadilisha chakula kwa sababu ya kifafa, mwambie daktari kwanza. Kama una mpango wa kufunga Ramadhani au Kwaresima, zungumza naye mapema kuhusu saa za dawa.

Na kwa sisi wengine, mtu akianguka mbele yako: mgeuze kwa ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa vitu vya kumuumiza, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni. Usimnusishe kiatu wala kitunguu. Usimmiminie maji ya sukari akiwa hajitambui, anaweza kupaliwa akafa. Mshtuko ukipita dakika tano, ukirudia bila yeye kuzinduka, au kama ni mtu unayejua ana kisukari, hiyo ni dharura. Mkimbize hospitali.

Kwa wenye mamlaka, tuna madai matatu. Kwanza, serikali za kaunti, ambazo zimekuwa na jukumu la hospitali tangu ugatuzi uanze 2013, zihakikishe dawa za msingi za kifafa hazikosekani hata katika zahanati ndogo. Pili, kila mgonjwa anayeletwa akiwa na mshtuko apimwe sukari ya damu papo hapo. Kipimo hicho ni tone la damu na muda usiofika dakika moja, na kinaweza kuokoa ubongo wa mtoto. Tatu, hospitali za rufaa ziwe na angalau mtaalamu mmoja wa lishe aliyefunzwa matibabu ya ketoni, na wanaopanga huduma za SHA wayahesabu kama matibabu, si kama anasa, kwa watoto ambao dawa mbili au zaidi zimeshindwa kuwasaidia.

Mataifa wanachama wa WHO yana mpango wa pamoja kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya neva, wa kuanzia 2022 hadi 2031. Miaka inayoyoma. Vijana wanaosoma ukurasa huu leo ndio watakaokuwa wauguzi, walimu, wazazi na wawakilishi wa wadi kabla mpango huo haujaisha au muda mfupi baadaye. Mkiingia huko na imani za mapepo, watoto wataendelea kufungiwa vyumbani. Mkiingia na maarifa, mtoto anayeanguka atapimwa sukari, atapewa dawa, na dawa ikishindwa, kutakuwa na mtu wa kumpangia sahani.